Kabla ya Kumtumia Mmarekani Bei: Mambo ya Msingi ya Nchi Yake

Hasara zinazomuumiza zaidi muuzaji wa Moshi, Mombasa au Kampala anapoanza kuuza Marekani mara nyingi huanzia kwenye mambo yanayoonekana madogo: uzito, tarehe, saa, jimbo na njia ya malipo. Mambo hayo yaandikwe kwa ukamilifu kwenye barua ya bei na kwenye ankara, kabla mzigo haujafungwa.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Wamarekani hupima kwa ratili, ambayo kwenye hati huandikwa lb. Ratili moja ni kilo 0.4536. Bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York hutajwa kwa senti za dola kwa ratili, si kwa kilo. Bei ikiwa senti 300, gunia la kilo 60, ambalo ni ratili 132.28, lina thamani ya dola 396.83. Muuzaji aliyesikia "dola tatu" akadhani ni kwa kilo atatoza dola 180 tu. Kwenye kontena la magunia 320, kosa hilo ni zaidi ya dola 69,000. Tani nayo ina mtego wake: tani ya Marekani ni ratili 2,000, yaani kilo 907, siyo 1,000. Galoni yao ni lita 3.785, ndogo kuliko ya Uingereza. Andika kilo na ratili pamoja kwenye kila mstari wa bei.

Anayenunua mashine kutoka huko aangalie umeme. Wao hutumia volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), sisi volti 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma hubadilisha volti lakini haibadilishi hezi, hivyo mota ya kawaida iliyotengenezwa kwa hezi 60 tu huzunguka taratibu huku na inaweza kupata moto.

Tarehe huanza na mwezi. 04/07/2025 kwao ni tarehe 7 Aprili. Kwetu ni 4 Julai. Mwezi uandikwe kwa herufi, basi.

Saa zinahitaji uangalifu zaidi. Saa 3 asubuhi New York ni saa 11 jioni Nairobi na Dar es Salaam wakati wa baridi yao, na saa 10 jioni wakati wa kiangazi chao. Los Angeles saa 3 asubuhi, huku ni saa 2 usiku, au saa 1 usiku kiangazi. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi punguza saa moja. Mabadiliko ya saa zao hufanyika Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, na kwa kuwa sisi hatubadilishi saa, kikao cha kila wiki husogea saa nzima bila mtu kutangaza. Ijumaa yetu jioni ndiyo asubuhi yao, na Jumatatu yetu asubuhi kwao bado ni usiku wa kuamkia Jumatatu. Tarehe 26 Desemba na Jumatatu ya Pasaka si sikukuu za serikali yao. Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu ya Shukrani, na ofisi nyingi hazifunguliwi hata Ijumaa inayofuata.

Marekani ina majimbo 50, na kampuni husajiliwa na jimbo. Hakuna daftari moja la taifa zima. Ukipewa jina la mnunuzi, uliza kampuni imesajiliwa jimbo gani, kisha tafuta jina kamili, pamoja na Inc. au LLC (vifupisho vya aina ya kampuni), kwenye tovuti ya ofisi ya usajili ya jimbo hilo. Kampuni nyingi halali zimesajiliwa Delaware ingawa hazina hata duka huko, kwa hiyo omba pia anwani ya mahali zinapofanyia kazi. Usajili hauthibitishi kuwa mnunuzi ana uwezo wa kulipa. Omba majina ya wauzaji wengine waliokwisha kumuuzia, uwapigie. Anwani bila jimbo haitoshi: Portland ya Oregon iko upande wa Pasifiki, Portland ya Maine iko upande wa Atlantiki. Sharti iwe na herufi mbili za jimbo na namba ya posta ya tarakimu tano.

Benki za Marekani hazitumii IBAN, namba ndefu ya akaunti ya kimataifa inayotumika Ulaya na kwingineko. Akaunti yao hutambulishwa kwa namba ya akaunti na namba ya benki ya tarakimu tisa, na SWIFT, yaani msimbo wa kimataifa wa benki, kwa malipo ya nje. Benki zinazopitisha fedha njiani huweza kukata ada, hivyo taja kwenye ankara nani atazibeba. "Net 30" kwa kawaida ni siku 30 tangu tarehe ya ankara, siyo tangu mzigo ulipofika. Hundi ya Marekani usiihesabu kuwa fedha: inaweza kurudishwa bila kulipwa wiki kadhaa baada ya benki yako kukuonyesha salio. Mnunuzi anayetuma hundi kubwa kuliko deni akataka urudishe kinachozidi, achana naye.

Kwa karafuu, kahawa na vyakula vingine, kiwanda au ghala husajiliwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, bila ada, na lazima uwe na wakala anayeishi Marekani. Usajili huhuishwa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kati ya 1 Oktoba na 31 Desemba. Taarifa ya mzigo itolewe kwa FDA angalau saa 8 kabla ya meli kufika, au saa 4 kwa ndege. Isipotolewa, mzigo huzuiwa bandarini na gharama za kuuhifadhi huanza kuhesabiwa.

La mwisho ni neno FOB (Free On Board), linalotaja mahali ambapo gharama na hatari za mzigo hutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Katika sheria za biashara za majimbo yao, FOB ikifuatiwa na jina la mji wa mnunuzi humfanya muuzaji abebe gharama na hatari hadi huko. Andika "FOB Dar es Salaam, Incoterms 2020" (Incoterms ni kanuni za kimataifa za masharti ya uuzaji), na jina la bandari lisiachwe wazi.