Kodi Inaingia, Nyumba Inaoza: Dhana Potofu za Wenye Nyumba Walio Mbali

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na mteja anayeishi Muscat, mwenye ploti ya nyumba nane za kupangisha huko Kisauni, na kabla sijamaliza kumweleza hali ya dari ya choo katika nyumba moja ya chini, alinikatiza kwa maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kupita kiasi: "Kodi inaingia kila tarehe tano, kwa hivyo nyumba haina neno." Kazi yangu ni kusimamia nyumba za watu Mombasa na viunga vyake, na wengi wa ninaowahudumia wako Ghuba, Uingereza, ama Nairobi tu. Ni watu wenye ploti moja au mbili walizozijenga kwa akiba ya miaka mingi, na ndiyo sababu inaniuma kuona akiba hiyo ikiliwa kidogo kidogo na imani zisizo na msingi.

"Madhali kodi inaingia, nyumba iko salama"

Kodi ikiingia, unachojua ni kwamba mtu ametuma pesa. Hujui ni nani anayelala ndani, ni wangapi, wala maji ya bafu la juu yanaishia wapi. Mpangaji anaweza kulipa bila kukosa kwa miaka mitatu huku chumba kimoja amekipangisha kwa mtu usiyemjua. Mpangaji mwingine, aliye mwema kabisa, anaweza kulinyamazia bomba linalovuja kwa kuwa anahofia kwamba akidai litengenezwe, kodi itapandishwa. Anaweka ndoo chini ya bomba, tarehe tano anatuma pesa, na wewe unausoma ujumbe wa M-Pesa kwa moyo mtulivu.

Katika pwani yetu utulivu huo hugharimu zaidi kuliko bara, kwa sababu hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu huharakisha kutu. Nondo zilizomo ndani ya zege hulindwa na saruji iliyozizunguka. Chumvi ikipenya hadi kwenye chuma, kinga hiyo huvunjika na kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hivyo hulisukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke, na likishapasuka, maji na chumvi hupata njia pana zaidi ya kuingilia. Nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa ufuoni usiooshwa, au kwa maji ya kisima chenye chumvi, zina tatizo hilo tangu siku zege lilipomwagwa.

Ninayaeleza haya ili mwenye nyumba aelewe kinachotendeka katika dari ya choo ambayo hataki kusikia habari zake. Jambo huanza na doa la unyevu lenye ukubwa wa sahani. Wakati huo fundi huhitaji kujaza upya viungo vya vigae katika bafu la juu, na pengine kubadilisha bomba la kutolea maji, kazi ya siku moja au mbili. Doa likiachwa, plasta huanza kuvimba na kuanguka vipande vipande, nondo huonekana zikiwa nyekundu kwa kutu, na kufikia hapo kupiga plasta mpya ni kuficha ugonjwa. Zege bovu hulazimika kubomolewa, nondo kusafishwa au kuongezwa nyingine, na bafu la juu na choo cha chini vyote hufungwa kwa majuma kadhaa. Katika muda wote huo ambapo doa lilikuwa likikua, kodi iliingia kila tarehe tano.

Ndiyo maana humwambia kila mteja kwamba mambo ya nyumba yake ayasome kwanza katika mita ya maji, kisha ndipo atazame pesa. Najua wengine huona ninashikilia jambo hili kupita kiasi, lakini miaka yangu ya kazi haijanipa chombo kingine chenye kusema kweli namna hiyo kwa bei ndogo namna hiyo. Kila nyumba ifungiwe mita yake ndogo, na mita zote zisomwe siku moja ya mwezi, tarehe ile ile, kila usomaji ukiambatana na picha inayoonyesha tarakimu. Uniti moja ni lita 1,000. Tuseme mita ndogo nane zimejumlishwa zikatoa uniti 61, na mita kuu inaonyesha 84: uniti 23, yaani lita 23,000, zimepotea kati ya mita kuu na wapangaji, na lazima kuna bomba lililopasuka ardhini au mtu aliyejiunganishia maji kabla ya mita. Nyumba moja ikipanda ghafula kutoka uniti 8 hadi 15, basi ama watu wameongezeka ama tangi la choo linavuja kimyakimya, kwani choo kinachovuja hivyo kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku bila mtu kusikia sauti yoyote.

Mita hiyo hiyo hufichua hila ambayo kwa walio mbali ndiyo ya kawaida kuliko zote. Msimamizi wa ploti, ambaye wengi humwita keateka, huripoti kwamba nyumba fulani imebaki wazi na wapangaji ni haba, kumbe ndani mna familia inayomlipa yeye mkononi. Nimewahi kukabidhiwa ploti huko Likoni ambayo nyumba yake moja ilisemekana kuwa wazi kwa miezi minne, na mita yake ilikuwa imesogea uniti saba kila mwezi. Mwenye nyumba aliona vigumu kuamini, kwa kuwa msimamizi alikuwa mtu wa heshima. Nyumba isiyo na mtu haitumii uniti saba za maji.

Wapo wanaonijibu kwamba ushauri huu haufai Mombasa, ambako maji ya jiji hayaji kila siku na watu hununua ya boza au hutegemea kisima. Jibu ni kwamba mita kuu ifungwe kwenye bomba linalotoka katika tangi; maji yametoka wapi kabla ya kuingia tangini si hoja, hoja ni yanakoelekea yakishatoka.

Kuhusu picha, ninaomba wateja waache kuridhika na picha ya nyumba kwa mbele ikiwa imepakwa rangi. Picha za maana ni za dari za vyoo, chini ya sinki, ukuta wa nyuma usiopata jua, kichwa cha misumari ya mabati, na mfuniko wa shimo la maji taka. Zipigwe kila baada ya miezi mitatu kutoka mahali pale pale, ili ya leo iweze kulinganishwa na ya nyuma. Mara mbili kwa mwaka, atumwe fundi asiyejuana na msimamizi akague mwenyewe, naye alipwe na mwenye nyumba moja kwa moja.

"Ndugu yangu yuko pale, ataangalia"

Sina neno dhidi ya ndugu. Ninachokipinga ni mpango usio na masharti, ambao ndugu hupewa kazi bila malipo na bila maandishi, kodi ikapitia simu yake ikachanganyika na pesa za unga na karo, na mwaka ukiisha aliye ng'ambo akaona haya kuuliza hesabu, naye aliyeko nyumbani akaona ameshukiwa. Nimeshuhudia nyumba za urithi zikigawanya familia kwa sababu hiyo, ilhali hakuna aliyekusudia kuiba. Mlipe ndugu yako, hata kama ni kidogo, na muandikiane anachotakiwa kufanya na kiwango cha matengenezo anachoweza kuidhinisha bila kukuuliza. Kodi iingie katika akaunti au nambari ya malipo iliyo kwa jina lako wewe, na mkusanyaji asiguse pesa. Atoe taarifa tu. Tena, ukimtarajia akuwakilishe mahakamani kwa niaba yako, upendo wa ndugu hautoshi. Anahitaji hati ya uwakala iliyotiwa saini na kuthibitishwa ipasavyo, nayo ni bora itengenezwe kabla ya mgogoro kuliko wakati mpangaji ameshakataa kutoka.

"Asipolipa, msimamizi atamfungia mlango"

Kufunga nyumba kwa kufuli, kung'oa mlango, kuezua mabati au kukata maji ili mpangaji atoke ni kujichukulia sheria mkononi, na humgeuza mwenye dai la haki kuwa mshtakiwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, upangaji wa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua muda wa upangaji wenyewe, nayo inapaswa kukoma katika siku ambayo kodi hulipwa. Kukamata mali kwa ajili ya malimbikizo ya kodi kuna sheria yake, Sura ya 293 ya Sheria za Kenya, na ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni; msimamizi hana mamlaka ya kubeba televisheni ya mtu.

Palipo na duka chini ya nyumba, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Majengo na Kongowea, hadhari iwe kubwa zaidi. Duka lililopangishwa bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, hulindwa na Sura ya 301, sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Kumwondoa mpangaji huyo, au hata kumpandishia kodi, kunahitaji notisi katika fomu iliyowekwa na sheria, isiyoanza kutumika kabla ya miezi miwili tangu aipokee, naye ana haki ya kulipeleka jambo hilo mbele ya baraza la upangaji wa biashara. Ujumbe wa WhatsApp kutoka Dubai unaosema "kuanzia mwezi ujao ni elfu ishirini" hauna nguvu yoyote, na nimekuta wenye nyumba waliotuma ujumbe kama huo kila mwaka wakidhani wanadai malimbikizo ambayo, kisheria, hayapo.

"Niko ng'ambo, ushuru wa Kenya haunihusu"

Nyumba iko Kenya, kwa hivyo mapato yake yanatozwa ushuru Kenya. Linalobadilika ni kiwango, na hapa wengi hukosea kwa upande wa pili: husikia asilimia 7.5 wakaitumia bila kujiuliza kama wanastahili. Kiwango hicho, kilichoshuka kutoka asilimia 10 tarehe 1 Januari 2024, ni cha mkaazi wa Kenya kwa maana ya sheria ya ushuru, ambaye kodi ya nyumba zake za kuishi imezidi shilingi 288,000 kwa mwaka na haijavuka milioni 15. Hutozwa juu ya kodi yote, bila kuondoa gharama za matengenezo, na taarifa huwasilishwa kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asiye mkaazi hutozwa asilimia 30 ya kodi yote. Kwa kodi ya shilingi 40,000 kwa mwezi, tofauti hiyo ni kati ya shilingi 3,000 na shilingi 12,000.

Ukaazi hauamuliwi na pasipoti. Mwenye makao ya kudumu Kenya, akifika nchini kwa muda wowote ndani ya mwaka huo, ni mkaazi wa mwaka huo. Asiye na makao hupimwa kwa siku alizokaa, ambazo ni 183 katika mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miwili iliyoutangulia. Kwa hivyo anayerudi kila Ramadhani katika nyumba yake ya Mombasa ana hali tofauti na yule ambaye hajakanyaga nyumbani tangu aondoke. Hifadhi tiketi na kurasa za pasipoti zenye mihuri.

"Ajenti ni ajenti"

Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533, inamtaka anayefanya kazi hii kuwa amesajiliwa na bodi husika, na kufungua ofisi yenye bango barabarani si usajili. Muulize nambari yake na uithibitishe kwa bodi yenyewe. Kisha mwombe akuonyeshe usomaji wa mita za maji wa miezi mitatu kutoka ploti nyingine anayoisimamia, majina ya wapangaji yakiwa yamefichwa. Akikuletea jedwali la kodi zilizolipwa badala yake, mshukuru na uendelee kutafuta.