Korosho na hofu ya mafuta

Huku kwetu Mtwara mtu akiambiwa presha imepanda kitu cha kwanza anachoacha ni korosho, eti zina kolestro. Jamani, korosho haina kolestro kabisa, kolestro inapatikana kwenye vyakula vya wanyama tu, nyama, mayai, maziwa, dagaa na wenzake. Mafuta inayo, tena mengi, karibu nusu ya uzito wake, ila sehemu kubwa ni yale laini ambayo moyo hauna ugomvi nayo.

Na mwili unayahitaji, vitamini A, D, E na K haziingii vizuri bila mafuta, ndo maana kisamvu kikiungwa kwa karanga au korosho kinakufaa zaidi kuliko cha kuchemsha na chumvi tu (na utamu je!). Nazi ni habari nyingine kidogo, mafuta yake mengi ni yale mazito, tui usiliache ila punguza.

Kunenepa nako sio mafuta peke yake, gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4, sasa wewe umeogopa korosho kumi halafu ugali unaongeza sahani ya pili na soda juu.

Na zile korosho za chumvi nyingi, mwenye presha azikwepe, achukue za kukaanga bila chumvi.