Ndege isiyosogea kwenye kioo

Ukirusha ndege kwa kanuni za kuona, yaani kwa kutazama nje badala ya kutegemea vyombo, jukumu la kuwaona wengine na kuwakwepa ni lako, hata hali ya hewa ikiwa safi kabisa. Na ajali nyingi za ndege kugongana angani hutokea hivyo: mchana, anga jeupe, karibu na uwanja.

Ugumu ni huu: jicho hunasa upesi kinachotembea, ilhali ndege mtakayogongana nayo haitembei. Ndege mbili zinazokwenda kwa mwelekeo na kasi isiyobadilika hadi zikutane, kila rubani huiona nyingine ikiganda palepale kwenye kioo. Inayoteleza pembeni, juu au chini, itakupita. Iliyoganda ndiyo ya kuogopa, nayo huonekana kama nukta hadi sekunde za mwisho, inapovimba ghafla.

Rubani huhitaji takriban sekunde 12.5 kuiona, kuitambua, kuamua na kuigeuza ndege yake. Mkielekeana, kila mmoja kwa noti 120 (kilomita 222 hivi kwa saa), katika muda huo mnaukata umbali wa kilomita 1.5 hivi. Ndege yenye mabawa ya mita 11, kwa umbali huo, haizidi milimita 5 kwenye rula iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa.

Ndiyo maana kuzungusha macho mfululizo hakufai. Jicho huona kwa ukali eneo la nyuzi 2 hivi tu, na likiwa mwendoni haliioni nukta. Gawa anga vipande vya nyuzi 10, tuliza macho kwenye kila kimoja walau sekunde moja, ukienda nyuzi 60 kila upande na nyuzi 10 juu na chini ya mstari wa mbele. Anga likiwa tupu, jicho hulegea na kulenga mita chache tu mbele ya pua, basi kila mara litupie kitu cha mbali: ukingo wa wingu, kilima. Sogeza na kichwa. Nukta iliyoganda nyuma ya nguzo ya mlango haitajitokeza yenyewe, na mdudu aliyegandamana na kioo anatosha kuificha ndege nzima. Futa kioo kabla ya kuruka.

Hatari kubwa iko kwenye mstari wa mwisho wa kutua, hasa viwanja visivyo na mnara wa kuongozea ndege. Ndege yenye mabawa chini ya chumba cha rubani ikiruka juu ya ile yenye mabawa juu ya chumba hicho, hakuna anayemwona mwenzake. Fikia kimo cha mzunguko, yaani njia ya ndege kuuzunguka uwanja kabla ya kutua, kabla ya kuuingia. Usishuke ndani yake. Taja redioni jina la uwanja, mahali ulipo, kimo na nia yako. Kimya kisikudanganye: huenda mwingine hana redio, au yuko kwenye masafa mengine.

Ukipanda au kushuka kwa muda mrefu, geuka kidogo kushoto na kulia ili uone kilichofichwa na pua.

Mkielekeana, wote geukeni kulia. Njia zikikatizana, anayemwona mwenzake kuliani ndiye anayempisha. Anayempita mwingine hupitia kulia. Lakini haki ya njia haikuruhusu kungoja: asipogeuka, geuka wewe, ukitazama kwanza unakoelekea. Skrini ya ADS-B, mfumo wa ndege kutangaza mahali zilipo kwa redio, huonyesha wanaotuma ishara tu, kwa hiyo itupie jicho, kisha rudi nje.