Nimenona Tangu Nianze Dawa za Sonona. Niziache?

Nafanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya afya ya akili hapa Mombasa, na mizani yetu iko karibu na mlango. Kila wiki sikosi mtu mmoja au wawili wanaoikwepa. Nikiwauliza dawa zinaendeleaje, jibu ni "vizuri tu, nesi." Nikiomba kuona pakiti, vidonge vya mwezi mzima vimekaa vile vile. Wameziacha kwa sababu ya kilo tatu. Haya ndiyo maswali yao.

Sonona ni nini hasa?

Huku kwetu husemwa "ana mawazo." Mawazo kila mtu anayo. Sonona ni ugonjwa: huzuni, au kukosa hamu hata ya vitu ulivyovipenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huku usingizi, chakula na nguvu vikivurugika. Dawa unazoweza kupewa ni kama fluoksetini, sertralini, amitriptilini au mirtazapini. Hazifanyi kazi siku ile ile kama kidonge cha kichwa. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, na huchukua kama wiki 6 hadi 8 kutimia.

Ni kweli zinanenepesha?

Baadhi, ndiyo, na hatukufichi. Mirtazapini, amitriptilini na paroksetini huamsha njaa, hasa hamu ya vitu vitamu. Fluoksetini mara nyingi hupunguza hamu ya kula mwanzoni. Tena watu hawafanani: wawili watameza dawa moja, mmoja anone na mwenzake asiongeze hata kilo.

Lakini kabla hujailaumu dawa, jiulize ulikuwa kilo ngapi kabla hujaugua. Mtu aliyeshinda miezi mitatu akidokoa chakula, sasa anakula mahamri na mbaazi asubuhi na wali mchana, lazima mwili urudi. Shoga zake wanamwambia "umenona!" kumbe ndio anafika alipokuwa.

Jambo jingine ni amitriptilini. Hukausha mdomo, na wengi huituliza kiu hiyo kwa soda. Chupa moja ya nusu lita ina sukari ya zaidi ya vijiko 12 vya chai. Ukinywa mbili kwa siku, umenoneshwa na soda ukamsingizia daktari. Kunywa maji.

Basi nikiona nimenona, niache dawa?

Hapana.

Hata wiki mbili tu, gauni la harusi linitoshe?

Hapana, hata wiki mbili. Na nieleze, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Ukiacha ghafla, ndani ya siku chache unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, hasira za ghafla, na mishtuko kichwani kama umeguswa na umeme. Nimeona mtu aliye katika hali hiyo akipelekwa kwa mganga, nyumba nzima ikiamini ana jini, na kumbe ni vidonge alivyoviacha Jumatatu.

Wengine hawapati lolote kati ya hayo, na hao ndio wananitia hofu zaidi. Wiki ya kwanza wanajiona wazima, wanasema kumbe hata sikuzihitaji. Sonona hairudi siku hiyo. Hurudi polepole, baada ya wiki au miezi, na ikirudi mtu hakumbuki tena kwamba aliacha dawa. Kwa kawaida tunataka uendelee kuzimeza angalau miezi 6 baada ya kupata nafuu, na kwa wengine mwaka au zaidi. Siku ya kuacha ipo, na tutaipanga pamoja kwa kupunguza dozi kidogo kidogo. Usijipangie.

Kilo zilete kliniki. Daktari anaweza kukubadilishia dawa, kurekebisha dozi, au kukuambia kilo hizo si za dawa. Hayo yote hayawezekani ukinidanganya kwamba unazimeza.

Nimeshaziacha tangu wiki iliyopita. Nifanyeje?

Njoo, bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Usimeze vidonge viwili viwili kufidia, wala usiazime vya jirani. Sitakugombeza. (Haya, labda kidogo.)

Lakini nikiziacha nateseka. Si ndio uraibu huo?

Siyo. Mraibu hutamani kitu na kila siku hutaka kuongeza. Hakuna anayekuja kwangu akilia apewe sertralini mbili. Mwili umezoea, basi, na kilichozoewa huondolewa taratibu.

Naweza kutumia chai ya kupunguza tumbo huku naendelea na dawa?

Swali hili nalichukia kwa sababu aliyeuliza huwa ameshainywa. Nyingi ya chai hizo ni sanamaki. Sanamaki inakuharisha: unapoteza maji na chumvi, mafuta ya tumbo yanabaki palepale, na mizani inakudanganya kwa siku mbili. Vidonge vya kupunguza uzito vinavyouzwa saluni au kwenye simu ni hatari zaidi. Baadhi yake, sehemu mbalimbali duniani, vimekutwa vimefichwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa madhara yake kwa moyo. Ukiichanganya na dawa za sonona unaweza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kupata homa na moyo kwenda mbio, na hali hiyo inaweza kuua. Kopo lisiloandikwa kilichomo, litupe.

Na muguka? Nikila sisikii njaa.

Majani hayo ya jamii ya miraa hukata njaa mchana na hukata usingizi usiku. Mgonjwa wa sonona asiyelala anarudi alikotoka. Hiyo si dawa ya kupungua.

Ramadhani je?

Dawa nyingi hizi humezwa mara moja kwa siku, kwa hiyo huingia wakati wa daku au baada ya futari. Njoo kabla mwezi haujaandama tupange saa. Wanaoacha mwezi mzima "kwa sababu ya funga" hunirejea Shawwal wakiwa hoi. Kilo za Ramadhani nazo, tusemezane ukweli, zinatokana na kaimati, viazi karai na tambi za sukari.

Sasa nifanye nini na uzito wenyewe?

Jipime siku unayoanza dawa, kisha kila wiki, kwa mizani ile ile, asubuhi kabla ya chai. Huna mizani? Futi ya fundi cherehani kiunoni inatosha. Ukiongeza asilimia 5 mwezi wa kwanza, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60, njoo mapema, maana ni rahisi kuzuia kuliko kuteremsha.

Wali wa nazi sikukatazi, punguza kijiko. Samaki na mchicha viongeze. Halafu tembea, nusu saa, siku tano kwa wiki, hata kwa mafungu ya dakika kumi. Kutembea kunasaidia sonona yenyewe, si kiuno tu. Jua likipoa nenda Mama Ngina upate upepo wa bahari, ila usigeuze safari iwe ya krisipsi za muhogo.

Mimi nakonda badala ya kunona.

Wiki za mwanzo za fluoksetini tumbo huweza kuchafuka na hamu ikapungua, kisha hutulia. Ukiendelea kukonda baada ya hapo, huenda dawa haijaushika ugonjwa. Njoo.

Ni lini nisingoje tarehe ya kadi?

Ukisikia kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, njoo upimwe sukari. Ukitapika au kuharisha hadi dawa haikai, njoo. Na fikra za kufa au kujidhuru zikikujia, hasa wiki za kwanza za dawa, dozi inapobadilishwa au baada ya kuiacha, usilale nazo hata usiku mmoja. Mwambie mtu wa nyumbani, mpe vidonge avifungie, akulete hospitali yoyote iliyo karibu saa hiyo hiyo, au mpige simu 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.