Bismuthi ni jirani wa risasi, lakini si sumu kama risasi

Jijini Mwanza, anayesoma habari za sola akikutana na jina bismuthi huambiwa haraka: hiyo ni metali nzito, ni sumu. Ujirani upo kweli, maana kwenye jedwali la elementi risasi ni namba 82 na bismuthi 83. Ila sumu haipimwi kwa uzito. Misombo mingi ya bismuthi haiyeyuki kirahisi majini, hivyo mwili hufyonza kidogo sana. Ndiyo maana imo kwenye baadhi ya dawa za tumbo (ukizidisha dozi, hilo ni jambo jingine). Hata vizito vya kuvulia samaki, ambavyo wavuvi wengi hutumia vya risasi, huweza kutengenezwa kwa bismuthi. Kikwazo kimoja ni bei.

Kwenye sola, wahandisi wanaipendea jinsi inavyonasa mwanga. Bismuthi vanadati, unga wa njano, hunasa sehemu ya mwanga wa jua unaoonekana, wakati titani dioksidi, unga mweupe unaotumika kwa kazi kama hiyo, hutegemea zaidi miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho. Kasoro yake ni kwamba elektroni husafiri ndani yake kwa taabu, kwa hiyo chembe zake za nano (ndogo mno) huchanganywa na grafini, tabaka jembamba sana la kaboni linalopitisha umeme vizuri. Mchanganyiko huo ndio nanokompositi.

Hapo ndipo ningekuwa mwangalifu: upole wa bismuthi hauhamii kwa wenzake. Vanadi (iliyomo ndani ya bismuthi vanadati) na teluri (elementi nyingine inayounganishwa na bismuthi) zina madhara yake, na kila mchanganyiko upimwe peke yake.