Mabosi wa Uingereza na barua yao ya gazetini

Mwaka 2016, kabla ya kura ya maoni iliyoamua Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, wakubwa wa makampuni ya nchi hiyo walipiga kampeni yenye madai mawili: nchi ibaki kwenye umoja huo, na umoja wenyewe urekebishwe. Nafanya kazi ya sera za biashara, na nikiulizwa kwa nini walishindwa, naanzia kwenye dai la pili.

La kwanza lilikuwa na hesabu yake. Chukua krenkshafti, kile chuma kinachozunguka ndani ya injini, ya gari la Mini. Ilimiminwa Ufaransa, ikachongwa Hams Hall karibu na Birmingham, ikapelekwa Munich, Ujerumani, kufungwa kwenye injini, kisha injini ikaja Oxford kuingia kwenye gari. Wakati huo ilivuka bahari mara tatu bila ushuru wala fomu ya forodha. Mwenye kiwanda hahitaji kuelezwa maana ya uanachama.

Marekebisho ndiyo yaliyopwaya. Wafanyabiashara walitaka hasa soko la huduma lifunguliwe zaidi na urasimu upungue. Waziri mkuu wa wakati huo, David Cameron, alitoka kwenye mazungumzo na umoja huo Brussels Februari 2016 na kilichovuma kikawa kubanwa kwa mafao ya wahamiaji. Ndiyo hali ya meza ya nchi 28: kila mmoja ana lake, na unachukua kilichokubalika. Hata hivyo, tarehe 23 mwezi huohuo barua ilitoka kwenye gazeti la The Times, ikiwa na saini za wakuu wa kampuni 36 kati ya zile 100 kubwa za Soko la Hisa la London, ikisema nchi itanufaika ndani ya umoja "uliorekebishwa". Umerekebishwa wapi? Mpiga kura hakuona.

Upande wa pili, Tim Martin wa baa za Wetherspoon alichapa hoja za kujitoa kwenye vile vikaratasi vigumu vya kuwekea glasi. Kwa maoni yangu, alimjua msomaji wake kuliko wote waliosaini barua ile.

Sunderland, wanakotengeneza magari ya Nissan tangu 1986, asilimia 61 walipiga kura ya kutoka.

Baada ya hapo makampuni yakarudi kwenye njia waliyoizoea, ya faragha. Oktoba 2016 Nissan ilitangaza kutengeneza gari lake la X-Trail Sunderland, ikiwa imeshapata barua ya ahadi kutoka kwa waziri Greg Clark. Barua hiyo iliwekwa hadharani Februari 2019, Nissan ilipoamua kuiacha X-Trail ibaki Japani.