Picha iwe na mionzi kidogo, lakini isomeke

Mgonjwa wa eksirei hana kikomo cha mionzi. Wengi hushtuka nikiwaambia hivyo. Mimi mpiga picha, ninayesimama nyuma ya ukuta, nina kikomo changu, wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 20 kwa mwaka kwa hesabu ya miaka 5, na wewe unayesubiri koridoni una milisiveti 1. Mgonjwa hana, kwa sababu huwezi kumwambia mtu anayehitaji picha ya pili kwamba mgao wake wa mwaka umekwisha. Kinachomlinda ni kwamba picha iwe na sababu ya kupigwa, halafu itumie mionzi kidogo kadiri inavyowezekana, hali ya uchumi na ya jamii ikizingatiwa. Hilo la pili ndilo kanuni ya uboreshaji, mojawapo ya tatu zilizowekwa mwaka 1977 na Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi.

Hapo kwenye uchumi na jamii ndipo Mtwara, ninakofanyia kazi, inapoingia. Mzee kaanguka kwenye mkorosho huko Newala, kaja anachechemea. Nikibana mionzi kupita kiasi, picha itajaa chengachenga na ufa mwembamba kwenye shingo ya paja hautaonekana. Daktari akija kugundua kwamba picha haisomeki, mzee keshapanda basi. Itabidi arudi: nauli nyingine, siku nyingine ya shamba, na mionzi kwa mara ya pili. Sasa hapo nimempunguzia nini?

Hatari ya upande wa pili ni ya kimyakimya. Enzi za filamu, ukizidisha mionzi picha inatoka nyeusi na unaumbuka hapohapo. Mashine za kidijitali zinajirekebishia mwangaza zenyewe. Ukiongeza dozi mara mbili unapata picha safi zaidi, na daktari anakusifu. Ndivyo dozi zinavyopanda kidogo kidogo bila mtu kujua. Kwa hiyo nasoma namba ya kiashiria cha mionzi, inayoonyesha mionzi iliyoipata picha, kabla mgonjwa hajashuka mezani. (Wanaohama mashine wawe macho: kuna mashine ambazo namba hiyo hushuka dozi ikipanda.)

Kwa watoto, sehemu kubwa ya uboreshaji haina gharama. Nabana taa inayoonyesha mionzi itakapopiga, iishie kifuani, tumbo na kidevu vibaki gizani. Mionzi inapungua na picha inakuwa wazi zaidi. Kwa mtoto mdogo naondoa na gridi, ule wavu unaochuja mionzi iliyotawanyika, maana inalazimisha dozi kubwa. Mama anayemshika avae aproni ya madini ya risasi na asimame pembeni, mikono yake nje ya taa.

"Mbona mwanangu hukumfunika na lile vazi la risasi?" Swali hilo ni la kila mara. Zamani tulifunika nyonga za watoto, lakini mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri tuache kufanya hivyo kama desturi. Mionzi inayotawanyika ndani ya mwili haizuiwi na kipande kilichowekwa juu ya ngozi. Tena kikiangukia mbele ya kihisio kinachopima mionzi, mashine inadhani mtoto ni mnene na kuongeza dozi yenyewe.